Seva Kwenye Kabati: Mifumo ya Afya Ilivyojifunza Kufanya Kazi Bila Mtandao

Ihanja ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Ni nchi ya alizeti, mtama na uwele, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza kati ya Novemba na Desemba. Hadi 2012 eneo hili lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Singida Vijijini. Mwaka huo Ikungi ikamegwa na kuwa wilaya inayojitegemea. Mkulima aliyapima mabadiliko hayo kwa umbali wa kwenda kwa mkuu wa wilaya. Mhudumu wa afya alikuwa na swali lake: karatasi za mwisho wa mwezi sasa zipelekwe wapi?

Karatasi hizo zinafaa kuwa mahali pa kuanzia simulizi la mifumo iliyokuja kuzipokea. Anayefungua kompyuta leo katika ofisi nyingi za serikali hukuta kwenye uso wake ikoni za mifumo ambayo kwa asili si programu za kompyuta hata kidogo. Ni kurasa za wavuti zilizovikwa vazi la programu: ukibofya, linafunguka dirisha lake lenyewe, bila sehemu ya kuandikia anwani na bila vichupo vya juu. Wengi huona hilo ni pambo la miaka ya karibuni. Katika sekta ya afya ya Afrika Mashariki lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na lilianza kwa sababu iliyo wazi: mifumo ya wavuti ilifika kabla ya wavuti yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila muuguzi nchini anaujua kwa jina moja tu: MTUHA. Msingi wake ulikuwa vitabu vikubwa vyenye namba. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 8 cha uzazi wa mpango, cha 12 cha wodi ya wazazi. Kila mgonjwa hupata mstari wake: jina, umri, makazi, ugonjwa, matibabu.

Mwezi ukiisha, kazi hugeuka kuwa ya hesabu. Mhudumu hupitia kitabu ukurasa kwa ukurasa huku akipiga vijiti kwenye fomu ya kujumlishia, vinne vya wima na cha tano cha kukata. Fomu ya wagonjwa wa nje haimwulizi idadi ya wenye malaria peke yake. Inataka wagawanywe kwa umri, chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, kisha 60 na kuendelea, na kila kundi ligawanywe tena kwa wanaume na wanawake. Kijiti kimoja kikikosewa, jumla ya ukurasa haikubali. Kazi hii hufanywa na mtu yuleyule aliyepangiwa zamu, huku mama mwenye mtoto anayehara akisubiri mlangoni.

Fomu ikishajazwa, nakala moja hubaki kituoni na nyingine huenda wilayani, kwa mratibu wa MTUHA. Kwa vituo vya upande wa Ihanja njia ilikuwa pikipiki, basi, au gari la halmashauri lililokuja kwa shughuli nyingine. Wilayani zilirundikana fomu za zahanati na vituo vyote, zikajumlishwa upya kwa mkono au kwenye Excel, ndipo zikaenda mkoani na wizarani. Takwimu zilipofika Dar es Salaam, mlipuko wa ugonjwa zilioueleza ulikuwa umeshapita.

Programu ya kwanza kuingia kwa dhati katika kazi hii ilitoka kusini. Baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, Afrika Kusini ilihitaji kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi. Kundi la watafiti na wanaharakati wa afya huko, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, lilianzisha mradi wa HISP na kutengeneza programu ya takwimu za afya za wilaya iitwayo DHIS. Ilijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya hifadhidata iliyokuwa tayari kwenye kompyuta nyingi za maofisini. Tanzania iliingia kwenye mtandao wa HISP mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Zanzibar ikaanza kutumia DHIS katika huduma zake za afya mwaka 2005.

Programu ile ilikuwa ya mezani kwa maana kamili. Ilisimikwa kwenye kompyuta moja, takwimu zikakaa humohumo, na mtandao haukuhitajika. Hilo lilikuwa neema na balaa kwa pamoja. Neema, kwa kuwa mratibu aliyekuwa na umeme alifanya kazi yake bila kumtegemea mtu. Balaa, kwa kuwa kila wilaya iligeuka kisiwa. Ili takwimu zipande mkoani, faili lilitolewa, likawekwa kwenye CD au flashi, likasafirishwa, likaunganishwa na mengine. Flashi zilizurura na virusi kutoka ofisi hadi ofisi. Toleo jipya la programu au fomu likitoka, mtu alilazimika kuzunguka wilaya zote na kulisimika upya. Na kompyuta ikifa kabla ya kutolewa nakala, kazi ya miezi ilikwenda nayo.

Oslo waliamua kuanza upya. DHIS2 iliandikwa kwa lugha ya Java, ikiwa mfumo wa wavuti tangu mstari wa kwanza, na ilianza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Seva moja inakaa mahali pamoja na hifadhidata yake, na watumiaji wote wanaifikia kwa kivinjari. Fomu ikibadilika, inabadilishwa mara moja na kila mtu anaiona. Zama za kuzunguka na flashi zingekwisha, ili mradi tu kila wilaya iwe na intaneti.

Mwaka 2006 kebo za baharini zilikuwa hazijafika pwani ya Afrika Mashariki. SEACOM iliwashwa Julai 2009 na EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti na dunia ya nje yalipitia zaidi setilaiti, kwa bei ambayo ofisi ya mganga mkuu wa wilaya isingeimudu. Mfumo wa wavuti katika nchi isiyo na wavuti ungebaki kwenye karatasi za mradi.

Ujanja uliotumika ulikuwa kuipeleka wavuti nzima ndani ya kompyuta moja. Kila mfumo wa wavuti unahitaji vitu vitatu: hifadhidata ya kutunza takwimu, seva ya kupokea maombi na kutoa kurasa, na kivinjari cha kuzionyesha. Hakuna sheria inayosema vitu hivyo lazima vikae kwenye mashine tofauti. Watengenezaji wa DHIS2 wakavifunga pamoja katika kifurushi walichokiita DHIS2 Live. Ndani yake kulikuwa na mfumo wenyewe, seva ndogo iitwayo Jetty na hifadhidata nyepesi iitwayo H2. Kompyuta ilihitaji kuwa na Java tu.

Mtumiaji aliona hivi. Anabofya faili mara mbili, kama anavyofungua programu nyingine yoyote. Ikoni ndogo inachomoza pembeni mwa saa, chini ya skrini, kuonyesha kwamba seva inaamka. Kwenye kompyuta za wakati ule hilo lilikuwa na subira yake. Seva ikishaamka, kivinjari kinafunguka chenyewe na kuleta ukurasa wa kuingilia. Mafunzoni kila mtu aliandika jina lilelile la mtumiaji, admin, na nywila ileile, district, na hadi leo wataalamu wa DHIS2 kote duniani wanazijua kwa moyo. Anwani iliyoandikwa juu ilianza na localhost, yaani mashine hii hii. Kivinjari kilidhani kinazungumza na seva ya mbali, kumbe jibu lilitoka ndani ya kasha lilelile la kompyuta. Ungeweza kuchomoa kila waya wa mtandao na mfumo ukaendelea kuchora grafu zake.

Udhaifu ulikuwepo. Hifadhidata ya namna hiyo ilifaa mafunzo, maonyesho na kazi ya mtu mmoja, wala haikujengwa kubeba takwimu za nchi. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, faili lingeweza kuharibika. Na takwimu zilizokaa kwenye kompyuta moja zilirudi kuwa kisiwa, zikisubiri kutolewa na kupelekwa juu. Tofauti na enzi za Access ilikuwa kwamba mfumo wa mezani na mfumo wa seva kuu ulikuwa ni uleule. Mratibu aliyejifunzia kwenye DHIS2 Live hakuwa na jipya la kujifunza siku mtandao ulipofika.

Upande wa Kenya njia ilifanana. Mjini Eldoret, madaktari na wataalamu wa programu wa AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika huko mwaka 2006. Nao ulikuwa wa wavuti, ukihitaji seva ya Tomcat na hifadhidata ya MySQL, vitu ambavyo kuvisimika kulihitaji mtaalamu. Kwa hiyo jumuiya yake ikatoa toleo la kujitegemea: kifurushi kimoja chenye seva na hifadhidata ndani yake, cha kubofya na kuwaka.

Miaka hiyohiyo dunia tajiri nayo ilikuwa ikizitoa kurasa za wavuti kwenye kivinjari na kuzipa madirisha yao, kwa haja tofauti kabisa. Microsoft ilikuwa imetangulia mwaka 1999, pale Internet Explorer 5 iliporuhusu ukurasa wenye kiambishi cha .hta kufunguka kama programu. Mwaka 2007 maabara ya Mozilla ilitoa Prism, na mwaka huohuo ikatokea Fluid kwa watumiaji wa Mac. Zote zilichukua tovuti moja, kama ya barua pepe, na kuipa dirisha na ikoni yake. Septemba 2008 Google Chrome ikazaliwa ikiwa na uwezo huo ndani ya menyu yake. Shida iliyotatuliwa ilikuwa ya mtu mwenye vichupo 20 vilivyofunguliwa, asiyejua barua pepe yake iko kwenye kipi. Mtandao ulikuwepo muda wote.

Mwaka 2013 GitHub ikaanza kutengeneza kile kilichokuja kuitwa Electron, kinachofungasha ukurasa wa wavuti pamoja na kivinjari kizima ndani ya programu moja. Slack na Visual Studio Code zimejengwa hivyo. Lawama yake inajulikana: kila programu inabeba kivinjari chake, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inahema. Ukiziweka pande hizi mbili sambamba, Electron inambebesha mtumiaji kivinjari na kuiacha seva mbali, ilhali DHIS2 Live ilimbebesha seva na kukiacha kivinjari alichokuwa nacho. Kila upande ulifungasha kile ulichokihitaji.

Kisha hali ikabadilika Kenya mwaka 2011. Mpango wa awali wa wizara ulikuwa kuisimika DHIS2 kwenye kompyuta za wilaya, moja moja. Timu ilipofika Pwani ya Kenya na kujaribu modemu za kampuni za simu, ilikuta kwamba mtandao wa simu unatosha kuifikia seva kuu moja kwa moja. Mpango wa usimikaji wilaya kwa wilaya ukaachwa, na Kenya ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha DHIS2 kitaifa kwa seva kuu. Tanzania Bara ilifuata njia hiyo, na kufikia mwishoni mwa 2013 mfumo ulikuwa umeenea mikoa yote.

Modemu ilikuwa na tabia zake. Ilishika asubuhi, ikapotea mchana, ikarudi jioni bando likiwa limeisha. Hapo lilizaliwa suluhisho la pili, na Kenya ndiyo iliyolisukuma. Vivinjari vya wakati huo vilikuwa vinaanza kuruhusu ukurasa kutunza data ndani ya kompyuta ya mtumiaji, kwa teknolojia za HTML5. Fomu za kuingizia takwimu za DHIS2 zikaandikwa upya zitumie uwezo huo. Mratibu aliyefungua fomu mtandao ukiwepo aliweza kuendelea kuandika ulipokatika. Tarakimu zilihifadhiwa kwenye kivinjari, na mtandao ukirudi mfumo ulimwuliza kama azipandishe. Seva ilibaki mbali, ila sehemu ndogo ya kumbukumbu yake ilihamia mezani.

Hadi hapo, kwa upande wa Tanzania, kompyuta ilikuwa ya wilayani. Kituo cha kata kilibaki na vitabu, na Kitabu cha 5 kilibaki Kitabu cha 5. Kilichoivuta kompyuta hadi ngazi hiyo kilikuwa fedha. Katika mwaka wa fedha wa 2017/18 serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kuzipitisha halmashauri. Zahanati na vituo ambavyo havikuwahi kuwa na mhasibu vikatakiwa kutunza hesabu zao. TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ikazindua mfumo wa FFARS wa hesabu za vituo, na PlanRep wa mipango na bajeti ukahamishiwa kwenye wavuti. Pembeni yake ukasambazwa GoTHOMIS, mfumo wa kuendesha hospitali na vituo, unaomfuata mgonjwa kutoka mapokezi hadi kwa daktari, maabara na dirisha la dawa.

GoTHOMIS ilirudisha wazo la zamani kwa ukubwa mwingine. Kwa miaka mingi ilisimikwa kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe, mara nyingi kompyuta moja iliyofungiwa kabatini au kwenye kona ya chumba cha kumbukumbu, na kompyuta za mapokezi, maabara na famasi zikaunganishwa nayo kwa nyaya. Wahudumu waliifungua kwa kivinjari, lakini ombi lao halikutoka nje ya uzio. Mnara wa simu ungeweza kulala siku nzima na mgonjwa akaendelea kuandikishwa. Kilichoweza kuisimamisha kilikuwa umeme, na kituo kilichofunga betri na sola kilikuwa na nafuu hata hapo. Kazi iliyohitaji mtandao ilibaki ile ya kuzungumza na nje, kama kuomba kumbukumbu namba ya malipo ya serikali.

Mfano huo nao ulikuwa na gharama. Seva mamia kwa mamia, kila moja kwenye kabati lake, zinahitaji mtu wa kuzisasisha, kuzikagua na kutunza nakala zake, na ofisa TEHAMA wa halmashauri ni mmoja au wawili kwa wilaya nzima. Ndiyo sababu mwelekeo wa miaka ya karibuni umekuwa kuivuta GoTHOMIS pia kwenye seva kuu. Mgonjwa anaweza kufuatiliwa kutoka kituo hadi kituo, na toleo jipya linawafikia wote kwa siku moja. Pamoja na faida hizo imerudi kauli ambayo kila mwananchi aliyewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi anaifahamu: mfumo uko chini.

Ikoni za leo zinazofungua mifumo kwenye madirisha yake zimezaliwa katika mvutano huo. Mwaka 2015 wahandisi wa Google walianza kuunadi mtindo wa wavuti unaosimikwa kama programu, ukitegemea msaidizi mdogo anayeitwa service worker, ambaye hukaa ndani ya kivinjari na kujibu maombi hata mtandao usipokuwepo. Chrome na Edge huruhusu tovuti yoyote kusimikwa kwa kubofya menyu mara mbili tatu. Apple iliongeza uwezo huo kwenye Safari ya Mac mwaka 2023. DHIS2 nayo imekuwa ikijengwa upya kwa njia hii, na tangu 2021 baadhi ya kurasa zake za takwimu zinaweza kuhifadhiwa na kusomwa bila mtandao. Kwa simu na vishikwambi ipo programu yake ya Android, inayohifadhi rekodi kwanza na kuzituma baadaye.

Ila kuna tofauti ambayo dirisha haliionyeshi. Mfumo ulioandikiwa service worker na hifadhi ya ndani unaendelea kufanya kazi ukikatika mtandao. Mfumo usioandikiwa, hata ukipewa ikoni nzuri kwenye uso wa kompyuta, ni sawa na kibanda cha wakala wa fedha za simu kilichopakwa rangi mpya huku floti haimo. Ukibofya, dirisha linafunguka safi na kukuambia hakuna intaneti. Kwa macho programu hizo mbili hazitofautiani. Hutofautiana siku mtandao unapokatika.

Siku hizo zinakuja. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Kompyuta ya Ikungi inayozungumza na seva iliyo Dodoma haihitaji kebo ya baharini, lakini ukurasa unaovuta fonti au vipande vya programu kutoka seva za nje ya nchi unaweza kukwama njiani hata kama takwimu zenyewe ziko nyumbani. Watengenezaji wa DHIS2 na OpenMRS walioifungasha seva ndani ya kompyuta moja hawakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa kila kitu walichokihitaji walikibeba.

Uzoefu wa takriban miaka 20 unatoa hukumu iliyo wazi kwa wanaoandika na kununua mifumo ya vituo vya vijijini. Seva kuu imeshinda, na ilistahili kushinda. Hakuna anayetaka kurudi kwenye flashi na visiwa vya takwimu. Lakini mkataba wa mfumo wowote unaopelekwa kituo kama cha Ihanja unapaswa kuwa na kifungu kimoja kinachopimika: kabla ya mfumo kupokelewa, waya wa mtandao uchomolewe mchana wa kazi, mgonjwa aandikishwe, atibiwe na apewe dawa, kisha waya urudishwe na rekodi zote zionekane kwenye seva bila moja kupotea. Mfumo unaoshindwa jaribio hilo urudishwe kwa aliyeutengeneza.

Kwa sasa Kitabu cha 5 bado kinanunuliwa, bado kinajazwa, na mwisho wa mwezi bado kinapigiwa vijiti.